Mbona Umewahi Kurudi

Miaka ile ambayo neno ruksa lilikuwa limeshazoeleka midomoni, na kila aliyeweza kununua mche wa sabuni akaukata vipande alijiita mfanyabiashara, kulikuwa na msichana mmoja katika soko la Sumbawanga aliyetajwa na wengi kwa kijicho. Jina lake Rozina. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shirika moja la umma, mpaka shirika lilipovunjwa na mashine za kuchapia zikabebwa moja moja na watu waliosema wanakwenda kuzitengeneza. Wenzake walilia. Rozina alichukua mshahara wake wa mwisho, akapanda lori la mahindi hadi Kasesya, akavuka mpaka wa Zambia, akafika Mbala na kurudi na vitenge vya kutosha kujaza kapu. Vilipokwisha akaenda tena, na safari zikawa hazihesabiki.

Alipotimiza miaka ishirini na minne alikuwa na meza mbili sokoni, chumba na sebule pale Katandala chini ya bati lake mwenyewe, kabati la vioo, redio kaseti, na mama yake kule Mpui alikuwa akijifunika blanketi nzito ambazo jirani zake walikuja kuzipapasa. Watu walisema Rozina ameukata. Akina mama wenye mabinti wa rika lake walimfanya fimbo ya kuwachapia.

Mwenyewe alikuwa na jambo ambalo hakuweza kumwambia mtu, kwa maana lingesikika kama majivuno. Hakuwa akiifaidi hiyo neema. Alipoezeka bati, mvua ya kwanza ilipopiga alilala chali akiisikiliza, moyo umemjaa, akasema sasa nimefika. Kulipopambazuka alikuwa ameshaanza kuwaza dari. Redio ilimfurahisha mpaka mkanda wa kwanza ulipojirudia. Furaha yake ilikuwa moto wa mabua, unawaka mpaka juu, ukigeuka kuchukua sufuria umeshazima. Basi akitoka sokoni jioni hukaa, husimama, hufagia palipofagiliwa, huenda kwa jirani na kurudi kabla hajakaribishwa kiti. Akiwa Sumbawanga aliiwaza Kasesya, na akiwa Kasesya aliona anachelewa Sumbawanga.

Kulikuwa pia na Yonas, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mrefu wa taratibu ambaye kila Jumapili baada ya misa alipita kumjulia hali. Yonas alipanda vitunguu nyuma ya nyumba ya shule, alitengeneza baiskeli yake mwenyewe, na mpira ukitangazwa redioni alisogeza kiti mlangoni akawa hana haja na kingine duniani. Alikuwa amemposa Rozina mwaka uliotangulia. Rozina akamwambia asubiri kidogo. Yonas akasubiri, bila kununa na bila kuuliza tena, na uvumilivu huo ndio uliomkera Rozina kuliko kitu chochote. Alijiuliza mtu anawezaje kukaa namna ile, mikono magotini, kana kwamba maisha yameshaanza.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, Rozina alikuwa akirudi kutoka mpakani na marobota manne ya mitumba, mzigo mkubwa kuliko wote aliowahi kununua. Dereva alikuwa Wilibrodi, mtu wa makamo aliyeijua njia ile kama anavyoijua njia ya kwenda chooni. Abiria walikaa juu ya mizigo, wengi wao wachuuzi wa dagaa. Kabla ya kufika Matai wakakuta kalavati limechukuliwa na maji. Wilibrodi alijaribu kupita pembeni, majanini. Lori likaenda hatua chache kama mlevi anayejikaza mbele ya mkwewe, halafu likazama mpaka kwenye ekseli.

Watu walishuka, wakakata matawi, wakasukuma, wakapata tope usoni. Rozina alizunguka lile lori huku akisema na nafsi yake mpaka Wilibrodi akamwomba, kwa heshima, akazungukie mbali kidogo.

Juu kidogo ya njia palikuwa na kaya ya Wasukuma, wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao kama wengi waliokuwa wakiingia Rukwa miaka ile. Nyumba tatu za nyasi, zizi kubwa la miti, na shamba la mahindi yaliyokuwa yamefika magotini. Mwanamke kijana alishuka kutoka kule na kibuyu cha maziwa ya mgando, mtoto mgongoni, akawakaribisha wanawake wapande wakapumzike. Alijitambulisha kwa jina la Minza. Alikuwa rika moja na Rozina, labda miezi tu ikiwatenganisha, na Kiswahili chake kilikuwa na ule mvuto wa Kisukuma unaolifanya kila neno litue taratibu.

Rozina alipewa kigoda chini ya upenu, akapewa maziwa. Mvua ilikuwa imekatika na mvuke ulipanda kutoka kwenye mgongo wa ndama mmoja aliyefungwa karibu. Mama mkwe wa Minza, ajuza mwenye masikio mazito, alikuwa akichambua maharage. Hakuna aliyekuwa na haraka. Rozina alishtuka kugundua kwamba kwa muda mrefu hajatikisa mguu. Moyo ulikuwa umetulia tuli, kama maji mtungini. Akamtazama Minza anayesukasuka kibuyu cha siagi mapajani, akamwonea wivu wa kweli.

Akamwambia, "Mwenzangu umetulia wewe. Ningekuwa na maisha haya nisingetafuta kitu."

Minza aliendelea kusukasuka. Kisha akaanza kusimulia, bila kulalamika, kwamba amezaliwa Shinyanga, amejifunza kutembea Tabora, ameolewa Mpanda, mtoto wa kwanza amemzaa bondeni Rukwa na huyu wa mgongoni amemzaa hapa. Kila walipojenga alipanda mpapai mlangoni. Mumewe Masanja ni mtu mwema, hampigi wala hamnyimi, lakini Masanja hufuata ng'ombe na ng'ombe hufuata majani, na siku akirudi machungani akiwa kimya, Minza hujua ni wakati wa kufunga mizigo.

"Sijawahi kula papai la mti wangu," alisema. "Nikipita miaka ya mbele nasikia watu wengine wanayala."

Akauliza kuhusu chumba cha Rozina kule mjini. Kina mlango wa kufunga kwa ufunguo? Kina. Na asubuhi nani anakuja kukuambia kesho tunahama? Rozina akasema hakuna. Minza akatikisa kichwa taratibu, akasema basi aliyetulia ni Rozina. Rozina alitaka kukanusha. Atamwambiaje mwanamke yule kwamba chumba chenye ufunguo ndicho anachokikimbia?

Siku ya pili lori lilitolewa kwa kuvutwa na ng'ombe wa Masanja waliofungwa minyororo, wote wakipiga kelele, watu na ng'ombe. Lakini Wilibrodi alitazama kilima kilichobaki mbele na kusema hawezi kukipanda na mzigo wote. Lazima nusu ibaki. Wachuuzi wa dagaa walimgeukia Rozina kwa macho, na yeye mwenyewe aliona kwamba dagaa wataoza na nguo hazitaoza. Marobota manne yakabebwa hadi kwenye ghala la nyasi la Minza. Masanja, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, alisema mali ya mgeni haina miguu, ataikuta. Rozina aliahidi kurudi baada ya wiki moja.

Wiki ikapita bila njia kufunguka. Mvua zilinyesha kama zinalipiza kisasi, na malori ya Kasesya yakasimama. Sokoni Rozina aliuza vilivyobaki, kisha meza zikabaki mbao tupu. Jirani yake wa meza, Albina, muuza masufuria, mwanamke mwenye ulimi usiokwenda likizo, alimwuliza kila asubuhi habari za marobota yake. Alimweleza kwamba wafugaji hawana anwani. Leo wako, kesho ni majivu na samadi. Akasema angekuwa yeye, angelala juu ya marobota yale.

Basi Rozina, kwa mara ya kwanza tangu shirika livunjwe, hakuwa na pa kwenda. Siku za mwanzo zilimtesa. Alikwenda stendi kuuliza malori asubuhi na alasiri, mpaka wapiga debe wakawa wanamjibu kabla hajauliza. Akapanga upya kabati la vioo, akapanga upya tena. Mwishowe akapanda gari la Mpui kwenda kwa mama yake.

Bertila, mama yake, alikuwa shambani akipalilia ulezi peke yake, upepo ukimvuta kanga. Hakuuliza kilichomleta binti siku isiyo ya sikukuu. Alimpa jembe. Wakapalilia kutwa, wakizungumza Kifipa, habari za kuku anayekula mayai yake mwenyewe na za padre mpya anayehubiri mbio mbio. Jioni walipokaa jikoni, Rozina alisimama mara kuangalia sufuria, mara kufunga dirisha, na mama yake akacheka peke yake.

Alimkumbusha Rozina kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akila ugali amesimama, mguu mmoja nje ya mlango. Marehemu baba yake alikuwa akisema mtoto huyu atakuwa mrefu sana, maana chakula chote kinaanguka miguuni.

"Na mimi hukuwahi kunitia wasiwasi," Bertila aliongeza. "Wasiwasi nilikuwa nao kwa wale watoto waliokaa."

Rozina alitarajia kuambiwa aolewe, au asali, au aache tamaa. Hakuambiwa. Alilala chini ya zile blanketi nzito na kugundua kwamba alizinunua bila kuzijaribu. Zilikuwa zinawasha shingoni.

Aliporudi mjini, Yonas alikuja Jumapili kama kawaida, na Rozina akaamua kuyamaliza mambo ya posa. Alimwambia asipoteze muda wake, kwamba yeye si mtu wa kukaa, hajui kukaa, hata akipewa ikulu atatafuta mlango wa nyuma. "Utakuwa umeoa upepo, mwalimu," alisema.

Yonas alikuwa akimenya chungwa. Alimaliza kulimenya, akaligawa, akampa nusu.

"Sijakuomba ukae, Rozina. Nimekuomba uwe unarudi."

Alisema hivyo na kuanza kula chungwa lake. Rozina alibaki na lile la kwake mkononi, maji yake yakimchuruzika mpaka kiwikoni, hasira zimempanda bila kujua anamkasirikia nani. Usemi ule ulimfuata wiki nzima. Aliona kwamba katika mambo yote aliyoyafukuzia, hakuwahi kufikiria kurudi kama kitu anachokifanya mtu kwa kutaka. Yeye alirudi kwa sababu bidhaa zilikuwa zimejaa na mahali pa kuziuzia ni pale.

Njia ilifunguka mwezi wa nne. Wilibrodi alimkaribisha mbele, na njiani akasema ni bora amwambie mapema. Dereva mwenzake aliyepita juzi ameona zizi tupu. Ng'ombe wa Masanja wameshuka bondeni, hakubaki hata ndama. Rozina alikaza mikono kwenye mkoba wake. Alimsikia Albina kichwani neno kwa neno.

Ilikuwa kweli. Zizi lilikuwa wazi, miti ya langoni imeng'olewa, samadi imeanza kuota majani. Nyumba mbili kati ya tatu zilikuwa zimevuliwa nyasi. Lakini ile ya tatu ilikuwa inatoa moshi, na mahindi yaliyokuwa magotini yalikuwa sasa yamempita mtu kimo, yamebeba, ndevu zimeanza kukauka. Ajuza alikuwa palepale upenuni. Na Minza alitoka shambani na jembe begani, akasimama alipowaona. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo Rozina hakuitegemea. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyeamshwa.

"Mbona umewahi kurudi?" aliuliza.

Rozina alidhani hakusikia vizuri. Akaanza kuomba radhi kwa kuchelewa, habari za mvua, habari za malori. Minza akamwacha amalize, akampeleka ghalani. Marobota manne yalikuwa pale pale, yameinuliwa juu ya magogo yasipate unyevu, yamefunikwa ngozi ya ng'ombe. Hakuna kamba iliyoguswa.

Ndipo akamweleza. Wiki mbili baada ya lori kuondoka Masanja alirudi kutoka machungani akiwa kimya, na asubuhi akasema tunashuka. Minza alifunga vyombo kama alivyofunga siku zote. Alipofika kwenye vitu vya ghalani mikono ikagoma. Akamwambia mumewe kwamba ng'ombe ni wake na anaweza kwenda nao, lakini mali ya mgeni waliipokea wote wawili, na mgeni akija akute majivu jina litakalotukanwa ni la Masanja. Masanja aliwaza siku nzima. Hakupata jibu, maana neno la mali kutokuwa na miguu alilisema mwenyewe. Akamwacha na mama yake mzee na mtoto wa mgongoni, akaondoka na yule mkubwa na kundi lote, akisema mwenye mali akishachukua wamfuate.

"Nikabaki," Minza alisema. "Nimepalilia mara mbili. Nimeona mahindi yakitoa mbelewele. Sijawahi kukaa mahali mpaka nikaona hivyo, nikiwa mimi ndiye niliyeyapanda." Alitazama barabarani lilipokuwa lori. "Leo umekuja."

Wilibrodi alipiga honi. Kilima kilikuwa kikavu na alitaka kukipanda kabla mawingu hayajashuka. Vijana wa lori walikuja wakabeba robota la kwanza, wakabeba la pili. Minza aliwapisha mlangoni, mtoto mgongoni, mikono ameikunja. Hakuomba kitu. Rozina alimtazama yule mwanamke anayetazama mwezi wake mmoja na nusu ukibebwa kichwani na watu, na ikamjia hamu ya kusema neno kubwa la faraja. Lilipobebwa la tatu akawaambia vijana inatosha.

Wilibrodi alishangaa. Rozina alisema robota lile la nne ana mpango nalo, atalifuata mahindi yakishavunwa, mwezi wa saba huko. Akamgeukia Minza na kumwomba, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa ajuza, kama angeweza kumtunzia tena, maana safari hii hana pa kuliweka. Ulikuwa uongo usio na hata nguo. Minza aliinama akaliweka sawa juu ya magogo, akalifunika ile ngozi pembe zote nne kwa uangalifu, na alipoinuka macho yalikuwa na maji.

"Nitalitunza," alisema.

Albina alipopata habari alimwita mwendawazimu mbele ya wateja. Yonas aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba asimuliwe tena sehemu ya Masanja kukosa jibu. Rozina alimsimulia tena, akijikuta naye anacheka, na ilipita saa nzima kabla hajainuka kwenda popote.

Mwezi wa saba, upepo wa Ufipa ukikata masikio, alikwenda kama alivyosema. Ghala la Minza lilikuwa limejaa mahindi yake mpaka milangoni. Robota lilikuwa limeingiliwa na panya. Walipolifungua, karibu nusu ya nguo zilikuwa zimetobolewa, masweta yamekuwa nyavu. Minza aliona aibu. Rozina aliinua koti moja la kiume, akapitisha mkono kwenye tundu la mgongoni, na wakacheka wote wawili mpaka ajuza akauliza kuna nini, wakashindwa kumweleza. Nguo nzima zilizobaki waligawana.

Masanja alikuwa amekuja kabla ya Rozina. Alikuja kumchukua mkewe, akatazama ghala, akazunguka shamba, akala, akalala. Asubuhi alianza kukata miti ya zizi dogo. Ng'ombe wengi wangebaki bondeni na ndugu yake, wachache wangepanda huku. Rozina alimwuliza Minza kama amefurahi. Minza alisema wanaume hawapendi kuhama wakibeba magunia. Alipomsindikiza mgeni wake hadi barabarani alimwuliza kama naye amepata anachokitafuta, na Rozina akajibu kwamba hajakijua bado. Minza hakuona ajabu. Alisema akija tena aje na mbegu za vitunguu.

Rozina na Yonas walifunga ndoa mwezi wa kumi, kanisa likiwa na vumbi la kabla ya mvua. Walikaa Katandala chini ya bati la Rozina. Wiki chache baadaye alikuwa juu ya lori tena, na zile mbegu za vitunguu vya Yonas zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga. Zipo jioni ambazo wasiwasi humjia akiwa katikati ya chakula, akasimama, akatoka uani, akatembea mpaka mwisho wa ua na kurudi. Yonas hufunika sahani yake ili isipoe.

Albina, aliyekuwa hawezi kuacha jambo lipite, alimwuliza siku moja sokoni kama mke wa mwalimu sasa ametulia. Rozina alisema bado, akaendelea kutundika nguo.